Mshono Chini ya Kapeti

3 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na hilo sikio moja lililobaki likifanya kazi baada ya nyundo za miaka arobaini. Simu husikii, ujumbe wa simu unasema herufi zake ni za sisimizi, basi nakuandikia kwa mkono kama ulivyozoea. Mimi sijambo, isipokuwa miguu.

Miguu ndiyo habari yenyewe. Kliniki wamenitoa wodini, sasa nawazungukia akina mama majumbani wiki ya kwanza baada ya kujifungua. Napima uzito wa mtoto, natazama kitovu, namgusa mama paji la uso kama ana homa. Naipenda kazi hii, Mjomba. Sijui kama nimewahi kupenda kitu kiasi hiki. Ila ina sharti: mkunga wa mzunguko awe na gari lake. Wamenipa mpaka mwisho wa Machi, la sivyo narudi wodini na nafasi anapewa mwingine. Kwa sasa natembea na mizani begani. Jana mbwa watatu walinisindikiza mtaa mzima wakidhani mimi ni muuza nyama.

Leseni ninayo, ina miezi miwili. Gari nimeliona, jekundu, milango miwili, lina kibawa nyuma kama linataka kuruka. Nikaenda kwa wakala wa bima. Akaniuliza umri, nikasema ishirini na miwili. Akaweka kalamu chini akanitazama vile sisi tunavyomtazama mgonjwa ambaye ndugu zake hawajaambiwa. Bima kubwa ya mwaka mmoja inakaribia nusu ya bei ya gari lenyewe! "Dada, ungekuwa na ishirini na mitano tungeongea mengine," akasema. Sasa hao watoto wasubiri kuzaliwa mpaka nifikishe ishirini na mitano?

Mwenzangu wa maabara, kijana wa njia za mkato, amenipa ujanja. Bima iandikwe kwa jina la mtu mzima, mimi niwe naazima tu siku moja moja. Wewe una leseni ya miaka thelathini na minane bila ajali. Naomba jina lako tu, Mjomba. Jina halinywi mafuta.

Msalimie Mama, mwambie nakula vizuri.

Mpwa wako,
Chiriku


12 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba. Mimi mzima, goti linauma asubuhi na kusahau jioni. Mama yako hajambo, barua yako ameisomea hapa gereji kwa sauti, hata mafundi wa jirani sasa wanajua habari za mbwa.

Jina langu sikupi. Ujanja wa huyo kijana nimeuona ukiletwa hapa juu ya gari la kukokota mara nyingi. Gari likishagongwa, watu wa bima wanakuja kuuliza mtaani, nani huwa analiendesha kila siku? Muuza duka anasema, ni yule binti. Faili linafungwa hapo hapo, nawe unabaki na chuma kilichokunjika na sifa ya uongo. Mkunga aanze kazi kwa uongo? Hapana.

Wala usimchukie wakala. Nimenyoosha bodi za magari miaka arobaini, na naweza kukwambia umri wa dereva kwa kutazama bonde alilolipiga. Watu wazima hugonga nguzo wakirudi nyuma, kisha wanailaumu nguzo. Vijana hugonga mbele, na kwa kasi. Si ubaya wenu. Ni kwamba hamjaogopeshwa bado, na wakala ameona wengi waliogopeshwa mara moja tu.

Hilo jekundu achana nalo. Mtoto akililia wembe mpe, wanasema, lakini waliosema hivyo hawakuwa mafundi bodi. Na usivutwe na yale marefu ya kupandia milima. Ukikaa juu unajiona malkia, kona moja tu limelala ubavu. Tafuta dogo la milango minne, injini ndogo, lenye mifuko ya hewa mbele na ubavuni, breki zisizokaza tairi ukizikanyaga ghafla, na mikanda ya nyuma inayofunga kweli, maana abiria wako watakaa nyuma. Gari ambalo likipita hakuna anayegeuka. Kuna lile la pua fupi ambalo walimu wanalipenda. Mifupa yake naijua kama ya mkono wangu, na wakala atakupunguzia akilisikia.

Inua makapeti utazame kutu. Na kabla ya kulipa nitumie picha. Nimesema KABLA.

Mjomba wako


21 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo! Goti linaendeleaje? Mimi sijambo kabisa, na leo naandika nikiwa nimekaa kwenye kiti cha dereva. Changu!

Najua ulisema kabla. Lakini alikuwepo mnunuzi mwingine amesimama pale pale, anapiga piga tairi kwa kiatu, na muda wangu kliniki ulikuwa umebaki wiki mbili tu. Nikalipa. Usinikemee mpaka umalize kusoma.

Ni lile la pua fupi, la kijivu, halivutii mtu hata kidogo. Jana nimelipita kwenye maegesho mara mbili nikilitafuta. Wakala alipolisikia akatabasamu, akasema vijana wote wenye akili anawaelekeza huko huko. Bima bado inauma, lakini imeandikwa kwa jina langu na umri wangu. Amenifungia na kisanduku kidogo kinachopima mwendo, breki na kona. Nikiendesha kistaarabu miezi sita, ananipunguzia tena. Nakwambia naendesha kama nimebeba mayai. Hata baiskeli zinanipigia kengele.

Wiki hii nimewaona akina mama kumi na mmoja, na mmoja nimemkimbiza kliniki na mtoto wake wa siku tatu, macho yamekuwa manjano. Amepona. Ningekuwa kwa miguu nisingejua mpaka wiki ya pili.

Nimekuwekea picha tatu. Ya kwanza pua, ya pili ubavu, ya tatu ndiyo ya kukufurahisha: nimeinua kapeti kuanzia kwenye buti mpaka chini ya kiti cha nyuma, kama ulivyonifundisha. Kutu hakuna hata chembe. Kuna mstari wa vinukta umepangwa vizuri kama wa cherehani. Sema basi, nimenunua vibaya?

Mpwa wako mwenye gari,
Chiriku


2 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Picha nimezipata.

Hilo gari liegeshe. Usiliendeshe tena wala usimpakie mtu. Mama yako usimwambie. Nitakueleza tukionana.

Mjomba wako


10 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Hujambo? Nauliza kwa kumaanisha, maana barua yako ya mistari minne imenitia wasiwasi na afya yako kuliko na gari.

Nimempelekea fundi wa hapa, amelipanda na kulishuka, anasema ni zima. Mkaguzi wa bima amelitazama, akagonga muhuri. Mimi mwenyewe naliendesha kila siku, linaenda kama maji. Sasa wewe uliyenifundisha kwamba fundi asiyetoa sababu ni mbabaishaji, unaniambia niliegeshe, basi, kwa sababu umesema wewe?

Nikiliegesha napoteza kazi, Mjomba. Kuna mama aliyejifungua mapacha kule ng'ambo ya kiwanda cha matofali, mmoja ananyonya, mwingine hataki. Nimwambie nini, mjomba wangu amekasirika kwa sababu nililipa kabla ya picha?

Mficha uchi hazai. Hiyo naisema kila siku kwenye kazi yangu, leo nakwambia wewe. Nipe sababu. Nisipoipata nitaendelea kuendesha.

Mpwa wako


16 Aprili

Chiriku, mwanangu,

Barua hii nimempa kondakta wa basi la asubuhi akupe mkononi. Sijui barua kama hii huanza vipi, kwa hiyo naanza tu.

Miaka tisa iliyopita alikuja gereji mfanyabiashara wa magari, na magari mawili ya pua fupi yamekokotwa. Moja limekunjika mbele, nyuma zima. Jingine limekunjika nyuma, mbele zima. Akaniuliza kama naweza kumtolea gari moja humo. Nikasema naweza. Niliyakata yote mawili chini ya kiti cha nyuma, kwenye vizingiti vya milango na nguzo za paa, nikaunga nusu kwa nusu, nikasawazisha maungio kwa puti, nikapaka rangi ya kijivu.

Kiwandani nukta za kuchomelea hufuatana sawasawa. Mimi hupiga nne, naruka upana wa kidole, napiga nne nyingine. Ndivyo alivyonifunza bwana wangu na sijawahi kuacha. Picha yako ya tatu nimeitazama kwa kioo cha kukuzia, nikaipeleka dirishani, nikaitazama tena. Ni mkono wangu.

Gari zima likigongwa, chuma chake hujikunja na kulimeza pigo. Lililoungwa linaachana kwenye mshono. Fundi hataona, mkaguzi hataona. Na mshono uko chini ya wale unaowapakia nyuma.

Sitakudanganya kwamba nilifanya kwa ajili ya ada yako, ingawa ada moja ilitoka humo. Njaa hatukuwa nayo. Nilifanya kwa sababu niliweza, na nilijivuna. Nilimwita mama yako nikamwambia tafuta nilipounga, bila kumweleza kwamba ni magari mawili. Akalizunguka mara tatu akashindwa, nikacheka sana. Nilifanya hivyo mara nne, yote ya pua fupi. Niliacha siku lilipoletwa gari lililoungwa na fundi mwingine, likaja kwa safari mbili, nusu asubuhi na nusu mchana. Sikuuliza waliokuwemo walikuwa nani. Niliacha tu, nikajiona nimetubu.

Yule mfanyabiashara aliyauza mbali ili yasipite machoni pangu, huko huko mjini kwako, kisha akahama. Nami nilijua hilo nilipokwambia utafute la pua fupi. Nilijua, na sikukumbuka. Au sikutaka kukumbuka, sijui. Tangu picha zije ningeweza kumwambia mama yako akupigie simu siku ile ile. Sikumwambia, kwa sababu angeuliza kwa nini. Siku kumi na nne umeendesha kwa ajili ya aibu yangu.

Liegeshe, mwanangu. Nakuomba.

Mjomba wako


8 Mei

Mjomba,

Kondakta alinipa barua yako pale stendi nikiwa na mama na mtoto kwenye kiti cha nyuma, nawapeleka kliniki. Niliisoma ukurasa wa kwanza nikazima gari. Nikawateremsha. Nimesimama kando ya barabara nimemshika mtoto wa watu, natafuta teksi, mama yake ananiuliza kuna nini. Nikasema gari limeharibika.

Wiki tatu nimeshindwa kukuandikia. Kila nikianza nalia, na nikimaliza kulia nakasirika, na barua ya hasira naijua, huwezi kuirudisha.

Yule kijana wa maabara alitaka kulinunua. Amepata leseni majuzi, atafikisha miaka ishirini mwezi ujao, na wakala amemwelekeza aina hiyo hiyo. Pesa alikuja nazo. Ningerudishiwa yote, ningenunua jingine wiki hiyo hiyo, kazi yangu ingebaki. Nilikuwa nimeshaandika nusu ya jina langu kwenye hati. Akasema, "Sasa nitaweza kumpeleka mama yangu hospitali." Nikaichana. Nikamwambia ukweli, na kuanzia siku ile ananisalimu kwa mbali.

Wakala nimemwambia pia. Bima ameifuta. Gari liko nyuma ya kliniki, nimelitoa tairi zote nne ili asilitamani mtu. Mwuguzi mkuu amenionea huruma, napanda gari la chanjo siku mbili kwa wiki. Akina mama wa siku nyingine tano wanasubiri. Amenipa mpaka Agosti.

Watu wakinisifu kwamba niko makini, nilikuwa nasema nimejifunza kwa mjomba wangu. Sasa nanyamaza, na hilo ndilo linaloniuma kuliko pesa.

Umesema manne. Moja ni hili langu. Mengine matatu yako wapi, na nani anakaa nyuma? Usiniandikie mpaka uwe na jibu.

Mpwa wako


2 Juni

Chiriku,

Sikuona shikamoo kwenye barua yako na sikuitafuta.

Nimezunguka kwenye yadi za vyuma chakavu kwa wiki tatu, goti likitaka lisitake. Moja nimelipata. Limezeeka tu, halikugongwa, mwenyewe aliliuza kwa kilo. Nilikaa juu ya tairi pale nikalia mpaka mwenye yadi akaniletea maji.

Mawili yaliyobaki yatakuwa bado huko mjini kwako. Nimekwenda ofisi ya usajili wa magari, nimeandika maelezo nikatia sahihi kwa jina langu kamili. Karani alisoma, akanitazama, akasema nitaitwa. Sijaitwa bado. Nikiitwa nitakwenda.

Lakini mwenye kuyapata kabla hayajapata mtu ni wewe, na katika kazi hii ni haramu kuyategemea macho. Nyanyua kiti cha nyuma, vuta kapeti, pitisha kidole taratibu kutoka mlango hadi mlango. Nukta nne, nafasi ya kidole, nukta nne. Kisha gonga kizingiti kwa kifundo cha kidole. Penye puti pana sauti nzito, kama ya kugonga unga kwenye gunia. Vidole vyako vinasoma mtoto amelalaje tumboni, hili halitavishinda.

Najua nimekubebesha mzigo wangu. Ukikataa nitaelewa.

Mjomba wako


23 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nimeiandika, nikaifuta, nikaiandika tena, basi ikae.

Wakala amenisaidia. Amefungua kitabu chake akakuta magari kumi na tisa ya pua fupi, ya kijivu na yaliyopakwa rangi nyingine baadaye. Kumi na manne kati ya hayo yanaendeshwa na watu walio chini ya miaka ishirini na mitano. "Mimi ndiye niliyewaambia ni salama," akasema, akafunika kalamu yake. Akawapigia wote waje kwenye uwanja wa kliniki Jumamosi, ukaguzi wa bure.

Walikuja kumi na sita. Vijana watupu, Mjomba, wengine wamekuja na mama zao, mmoja amelipatia gari lake jina la mchumba wake. Nikapiga magoti saa tatu asubuhi. Nimekuta chini ya makapeti shanga, karanga, soksi, hati ya matokeo ya mtihani iliyofichwa. Mstari wa kiwandani nikaanza kuuzoea.

Gari la kumi na mbili lilikuwa la binti wa miaka kumi na tisa anayeuza vifaranga. Limepakwa kijani. Nilitoa manyoya ya vifaranga, nikapitisha kidole. Nne. Nafasi. Nne. Nikarudia kutoka mlango wa pili nikiomba nimekosea. Kisha nikagonga kizingiti.

Nikamweleza. Ana akili, alielewa haraka kuliko mimi. Hakulia. Aliuliza, "Nani aliyefanya hivi?"

Ningeweza kusema sijui. Wakala alikuwa ameinamisha kichwa, asingenisuta. Nikamwambia, "Ni mjomba wangu. Ndiye aliyenilea."

Akakitazama kile kiti cha nyuma. Ana wadogo zake wawili, anawapeleka shule kila asubuhi kabla ya vifaranga. Akasema, "Muulize kama alijua kuna watoto watakaa hapo."

Swali lake nimelileta kwako kama alivyolisema. Gari lake limebaki uwanjani kwetu, na yeye na wadogo zake wameondoka kwa miguu na makasha sita ya vifaranga. Nimewasindikiza mpaka kwao, nimebeba mawili. La nne bado.

Mpwa wako,
Chiriku


28 Juni

Chiriku,

Marahaba, mwanangu.

Mama yako nimemwambia yote jana, mchana, tumekaa kwenye benchi la gereji. Alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaenda nyumbani bila kuaga. Leo asubuhi ameniletea shati lililopigwa pasi, akaniambia, "Nenda nalo." Ndiyo maneno yake yote.

Binti alichouliza, jibu lake ni ndiyo. Nilijua. Kiti cha nyuma nilikirudisha mimi mwenyewe, mikanda nikaifunga mimi mwenyewe, na mmoja ulikuwa mfupi, umekazwa kwa ajili ya mtoto. Nikaulegeza nikaendelea na kazi. Hilo sikuliandika kwenye ile barua ndefu. Nitamwambia mwenyewe, mbele ya wadogo zake, na nitakaa mpaka amalize kusema atakayosema.

Nakuja Jumamosi na gari langu. Ni zee lakini ni zima, halijakatwa popote, mikanda yote inafunga. Litakuwa lake. Mwambie alete mtu anayemwamini aliinue kapeti kwanza. Mwambie wakala aandike bima kwa jina la binti na umri wake wa kweli, mwaka wa kwanza nalipa mimi, nimeuza mtungi wa gesi na mashine ya kuchomelea.

Najua na wewe unahitaji gari, na Agosti haiko mbali. Lakini wewe ni damu yangu, wewe utanisubiri. Yeye hana sababu ya kunisubiri.

Usinipikie. Nipeleke kwake moja kwa moja. Nitarudi kwa basi.

Mjomba wako